Mita ya Katibu Kata

Gari lililomleta Minza kutoka upande wa Geita lilisimama ukingoni mwa mbuga, dereva akazima injini. Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye mizizi ya migunga, na ule udongo mweusi ulikuwa tayari umemeza gurudumu moja la mbele. "Mimi mwisho wangu hapa," alisema dereva, kijana mpole tu, kisha akainama kusoma namba kwenye dashibodi na kumwambia mwenzake: "Andika. Safari imeisha." Nilikuwa nimesimama nyuma ya gari, viatu mkononi, kanga nimeikunja magotini, na nikamjibu kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mtoto wa mtu: "Haijaisha!" Waombolezaji wakageuka. Mimi ni mtu ambaye hata kwenye vikao vya ukoo husemewa na wengine, kwa hiyo walinitazama kama vile jeneza ndilo lililosema. Dereva akaomba radhi, akasema, "Mama, mimi naandika za gari tu." Alikuwa sahihi. Vijana wakaingiza mabega chini ya jeneza, tukashuka majini, na sisi wanawake tukafuata nyuma tukiimba kwa pumzi fupi, huku matope yakitoa sauti ya kunyonya kila tulipong'oa mguu. Hakuna hata mmoja kati ya wale waliokuwepo aliyejua kwa nini nilimkemea yule kijana. Aliyekuwa anajua alikuwa mbele yetu, amebebwa.

Nataka kuueleza mwaka ule tulipokuwa kidato cha pili. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sabuni ilikuwa ikitafutwa kama dawa na tulifulia majivu. Shule yetu ilikuwa ya kutwa, lakini ilikuwa na bweni moja la wasichana, chumba kirefu chenye paa la bati na madirisha yaliyozibwa kwa mbao za masanduku. Vitanda vilikuwa vichache. Mimi na Minza tulilala kimoja, kichwa changu kwenye miguu yake, na kwa kuwa alikuwa mrefu, niliamka mara nyingi kidole chake kikiwa sikioni mwangu. Tulikula ugali na maharage yenye wadudu, na siku za Jumapili tulitafuna michembe, vile viazi vitamu vya kukausha ambavyo mama zetu walitufungia kwenye vitambaa. Minza alikuwa mchekeshaji wa bweni zima. Aliigiza kutembea kwa kila mwalimu, alizomea mvua ikipiga bati, na akiona nimejiinamia pembeni na daftari langu la jiografia, ambalo upande wa nyuma niliandika mambo yangu ya kila siku, alipaza sauti: "Jamani nyamazeni, mheshimiwa anaandika kwamba leo amekula maharage!" Nilikuwa naona aibu hadi masikio yanawaka moto. Lakini bila yeye nisingezungumza na mtu yeyote mwaka mzima. Aliniulizia maswali yangu darasani. Aliomba chumvi kwa niaba yangu.

Baada ya likizo ya Krismasi mkuu wa shule alitukusanya mstarini akasema wasichana wameongezeka na vitanda havijaongezeka. Kuanzia sasa, atakayelala bwenini ni yule tu ambaye kwao ni kilomita kumi na tano au zaidi kutoka shuleni, kwa njia anayopita mwenyewe kwa miguu. Wengine watatokea nyumbani. Na ili mtu yeyote asije na kilomita za mdomoni, kila kijiji kitapimwa na Katibu Kata kwa baiskeli yake yenye mita. Minza alininong'oneza, "Sisi tuko salama, ng'wenzangu. Kutoka kwetu hadi hapa hata ndege hupumzika njiani." Nilimwamini. Tuliijua njia ile kwa nyayo zetu. Ukitoka shuleni unafuata barabara kuu ya kokoto, unakata kushoto kwenye mashamba ya pamba, kisha mbuga, kisha kijiji chetu. Njia ya kuzunguka mbuga ilikuwepo, lakini hakuna aliyezunguka, kwa sababu ingekula siku yako.

Katibu Kata, Ndugu Maganga, alikuja Jumamosi moja ya masika makali, na kwa bahati sisi wawili tulikuwa tumekwenda nyumbani kuchukua chakula. Alikuwa mtu mfupi mwenye suruali iliyobanwa kwa vibanio chini, na alikuwa anaipenda ile mita kuliko cheo chake. Ilikuwa ndogo kama kiberiti, imefungwa kwenye ekseli ya gurudumu la mbele, na kwenye spoku moja kulikuwa na kijichuma. Kila gurudumu likizunguka mara moja, kijichuma kiliigonga ile mita, ta, na mle ndani namba zikasogea taratibu kwenye vidirisha vyake. Wazee walikwenda kumpokea ng'ambo ya mbuga, kama mgeni yeyote wa serikali anavyopokewa wakati wa maji, na aliyewaongoza alikuwa Mzee Lushinge, baba yake Minza. Nilimwona kwa macho yangu akirudi. Katibu alikuwa anatembea mikono mitupu, viatu vyake vimebebwa na mtu mwingine, anaonyeshwa pa kukanyaga. Na Mzee Lushinge, mtu mkubwa, mwenye mabega kama mlango, alikuwa ameiweka baiskeli kichwani, ameishika kwa mikono miwili, anakwenda wima katikati ya maji yanayomfika mapajani, na tope halikuigusa hata kidogo. "Baiskeli ya serikali haiingii matopeni," alikuwa anasema, na wanawake tuliokuwa ukingoni tulimpigia vigelegele. Minza alipiga kuliko wote. Yule alikuwa baba yake.

Walimchinjia jogoo. Nakumbuka nyumba ile siku hiyo, giza lake la mchana, moshi uliokuwa unatafuta njia chini ya nyasi za paa, mimi na Minza tumepiga magoti tukimnawisha mgeni mikono, mama yake Minza akirudia, "Karibu baba, karibu baba, chakula chenyewe ndicho hiki tu." Katibu alikula akashiba, akajifuta, akatoka nje na miwani yake, akachuchumaa mbele ya gurudumu. Akasoma kimyakimya. Kisha akasema kwa sauti, "Kumi na tatu, na kidogo." Sote tulidhani hajamaliza. Mzee Lushinge akauliza, "Na kidogo gani hiyo, ndugu?" "Kidogo tu, mzee. Haifiki kumi na nne." Minza alicheka, akidhani ni mzaha wa mgeni aliyeshiba. Akarudia kusoma kwa sababu tulimwomba. Namba ilikuwa ile ile, na jogoo alikuwa ameshaliwa. Mzee Lushinge alimsindikiza tena, na baiskeli aliiweka tena kichwani.

Kitanda chetu kilichukuliwa baada ya Pasaka. Mimi nilikuwa na shangazi mjini, mke wa dereva wa malori ya Isaka, aliyekuwa na vyumba viwili na stoo, nikapewa stoo. Humo tulilala mimi, magunia ya mpunga, na mitungi. Minza hakuwa na mtu mjini. Alianza kutembea. Alitoka kwao jogoo wa kwanza akiwika, akavuka mbuga maji yakiwa baridi kama chuma, na akifika darasani sketi yake ilikuwa imekauka na tope hadi kiunoni, ngumu, inapiga kelele akikaa. Wiki ya kwanza bado alikuwa anaiga: alijiita Bibi Mamba, akaomba radhi kwa kuacha mkia wake nyumbani. Walimu walimchapa kwa kuchelewa. Wiki zilizofuata alianza kulala mezani, mdomo wazi, na mimi nilikuwa nimekaa karibu naye nikimgusa kiwiko kila mwalimu alipogeuka. Nilimwomba shangazi amruhusu alale stoo siku za mvua kubwa. Aliruhusu. Zilikuwa siku nzuri kuliko zote za mwaka ule, nalisema bila kusita: tunapika uji wa mtama na nsansa za jana, ile mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa, tunachekea kwenye magunia, Minza ananisukia nywele kwa vidole vilivyoparara kwa maji. Lakini mume wa shangazi alirudi safari, na asubuhi, tukiwa tunafunga daftari zetu, tulisikia upande wa pili wa ukuta.

"Mmoja ni wa ndugu yako, sawa. Huyu mwingine ni wa nani?"

"Ni rafiki yake. Kwao ni mbali."

"Mbali ipi? Si wamepimwa? Serikali imesema si mbali, wewe unasema mbali. Hapa mimi nimejenga bweni?"

Minza alikuwa ameinua mkono na kidole kimoja mbele ya midomo yake, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na mazoea ya kupayuka. Kisha akachukua kitambaa chake cha michembe, akaniachia nusu juu ya gunia, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakulala pale tena.

Ndipo alipoanza kuichukia ile mita. Alisema inadanganya. Alisema ameona tairi la mbele la Katibu limeshonwa kwa waya na ndani limejazwa vipande vya tairi jingine, maana matairi mapya hayakupatikana popote mwaka ule, na tairi la namna hiyo haliwezi kusema kweli. Mimi nilikuwa mzuri wa hesabu, nikamwambia kweli, tairi likinenepa gurudumu linakuwa kubwa, linazunguka mara chache zaidi kwa njia ile ile, na mita itasoma pungufu. Macho yake yaliwaka hadi nikaogopa. "Basi twende ukamwambie!" "Twende ukamwambie wewe," nilisema. "Mimi sijui hayo ya kunenepa," alisema Minza. "Utasema wewe, Kabula. Mimi nitakushika mkono." Na kweli alinishika, akaniminya mpaka vidole vikafa ganzi, pale kwenye baraza ya ofisi ya kata, mimi nikiongea huku nimetazama vibanio vya suruali ya Katibu.

Ndugu Maganga hakukasirika. Ninasema hivi kwa kuwa ingekuwa rahisi leo kumfanya mtu mbaya. Alisikiliza, akasema, "Chombo hiki hakina shemeji wala mjomba. Mnataka tukijaribu? Tukijaribu." Barabara kuu ilikuwa na mawe meupe yaliyoandikwa kilomita. Alituchukua hadi kwenye jiwe moja, akatuonyesha namba za mita, akaniambia nizikariri, akapanda akaondoka polepole, nasi tunakimbia nyuma yake kwenye kokoto. Minza alikuwa anaomba kwa sauti, Kisukuma na Kiswahili vimechanganyika, kwamba ile mita ikosee. Tukafika jiwe la pili. Akashuka, akatuita tusome wenyewe. Kilomita moja. Tukaenda la tatu. Kilomita moja tena, ila kale kanamba ka mwisho kalikuwa kamesita kidogo, na hicho kidogo kisingeweza kutupa hata ukubwa wa shamba la mtu. Minza aliketi juu ya jiwe jeupe. Alikuwa na homa siku ile, na sikujua. "Kwa hiyo ni sisi tunaodanganya," alisema. Katibu alijikuna shingo, akasema, "Hapana, mwanangu. Huwa miguu inaongeza." Kwenye daftari langu, mimi niliyekuwa naandika hata idadi ya maharage, siku hiyo niliandika: Ipo sawa. Basi.

Wiki hizo hizo Minza alifuatwa njiani na wanaume wawili wa baiskeli wakati wa magharibi. Hawakumfanya kitu, walikwenda naye sambamba hadi mbuga, wakimuuliza anaogopa nini. Alimwambia mama yake, na mama yake akamwambia mumewe. Nilikuwa kwao Jumapili iliyofuata, tunapepeta mtama nje ya mlango, na Mzee Lushinge alikuwa ndani anazungumza na mkewe kwa sauti ambayo wazee huidhani ni ya siri. "Mwenye kitanda anasoma. Asiye na kitanda anaokotwa. Nitamtoa shule nikiwa bado namwona." Mama Minza akasema kitu hatukukisikia. Yeye akajibu, "Wale wa Geita si watu wabaya. Kijana anachimba, ana mikono." Minza aliendelea kupepeta. Alipepeta mpaka ungo ukabaki mtupu, na bado anapepeta.

Jioni ile tulikuwa tunavuka mbuga pamoja, yeye akinisindikiza nusu ya njia, tukakutana na mtu anayetoka mnadani. Alikuwa amebeba baiskeli begani, kuku wawili wamening'inia kwenye usukani, na upepo wa mbuga ulikuwa unapiga. Tulimwamkia, akaitikia, akapita. Minza akasimama. Maji yalikuwa yanamfika magotini, na ameshikilia sketi yake kwa mkono mmoja.

"Kabula. Lile gurudumu halizunguki."

"Litazungukaje, kalibeba."

"Ndiyo nasema! Halizunguki!"

Sikumwelewa upesi, mimi mwanahesabu. Alinishika mabega akanitikisa. "Baba aliibeba! Mbuga nzima, kichwani! Kwenda na kurudi! Mita ilikuwa imelala!" Kisha akaanza kucheka, akaanguka kwa makalio ndani ya maji, akapiga maji kwa viganja kama mtoto anayeogeshwa, na mimi nikaanguka juu yake. Mbuga ile ilikuwa zaidi ya kilomita mbili. Kila mtu alijua ndiyo sehemu inayoua, ndiyo inayokutoa pumzi, ukishaivuka unasema nimefika. Na ndiyo pekee ambayo haikupimwa, kwa kuwa tulimheshimu mgeni.

Katibu alipoelezwa alivua kofia yake akaiweka mezani. "Mzee aliniheshimu," alisema. "Na mimi nikaheshimika." Alikwenda nasi kwa mkuu wa shule siku hiyo hiyo. Mkuu hakuwa mkaidi, lakini alikuwa amechoka, na nje ya dirisha lake wazazi wengine walikuwa wamepanga mstari na manung'uniko yao. Nilijitolea kuipima mbuga kwa kamba. Nilisema mwenyewe, bila kushikwa mkono. "Nikikubali kamba yako," alisema, "kesho kata nzima itakuja na kamba. Wote wamepimwa kwa mita. Katibu akiniletea namba nyingine ya mita, nitaipokea. Vinginevyo sina."

Kwa hiyo Jumamosi ile tulijaribu. Naikumbuka kuliko siku yoyote ya ujana wangu. Katibu alisimama ukingoni, suruali ameikunja, na Mzee Lushinge, ambaye alikuwa ameelezwa habari zote, aliishika baiskeli kwa usukani akaishusha matopeni. Hatua za kwanza gurudumu lilizunguka. Ta. Ta. Minza alipiga makofi. Kisha ule udongo ukaanza kujivisha, unajua jinsi udongo wa mbuga ulivyo, haukuachi, unapanda. Ukajaza kati ya tairi na madigadi, ukakaza kama saruji, na gurudumu likasimama. Mzee akasukuma. Baiskeli ikaenda, lakini ilikuwa inaburuzika tu kama jembe la ng'ombe, gurudumu limekufa. Tukaingia mimi na Minza, tukachokoa tope kwa vijiti, kwa kucha, likazunguka mara moja, ta, likakwama. Tukachokoa tena. Katibu akaja akafungua madigadi kwa spana, tukaweka ukingoni, lakini tope likakamata kwenye uma. Mbele kulikuwa na maji, na ndani ya maji gurudumu lilielea na kuteleza tu. Mzee Lushinge alikuwa ameegemeza kifua chake chote kwenye usukani, mishipa ya shingo imetoka, anaisukuma, anaisukuma. Yule aliyeibeba kama yai sasa alikuwa anataka kuivunja. "Taratibu, Mzee Lushinge!" Katibu alipiga kelele. "Utaikata!" "Izunguke!" Mzee alikuwa anaiambia baiskeli. "Si ulikuja kupima? Zunguka!" Hatukuwa tumefika hata mahali pa kina. Mwishowe aliiachia, ikalala ubavu, namba zikaingia majini. Alisimama anahema, kisha akamgeukia Katibu, na sijawahi kumsikia mtu mzima akiuliza swali kwa namna ile: "Kwani mimi ningekuacha mgeni ubebe mwenyewe?" Katibu akasema, "Hapana, mzee. Usingeweza." Wakaiinua pamoja. Waliibeba, kila mtu upande wake, kurudi ukingoni.

"Mbuga ikikauka," Katibu alisema. "Nakuapia. Siku ya kwanza inakauka, nakuja." Mzee alitikisa kichwa. Ilikuwa bado miezi. Minza alikuwa ameshashikwa homa mara mbili, alikuwa ameshakosa majaribio, na watu wa Geita walikuwa wamekwishatuma salamu. Mimi leo ni mama na bibi, nimewahi kukaa na hofu ya mtoto wa kike njiani, na bado sijui ningefanya nini mahali pa Mzee Lushinge. Wakati ule nilimchukia. Nilikataa hata kumwamkia, na katika nyumba za kwetu hilo lilikuwa jambo kubwa. Alikuwa anapita mbele yangu ananisubiri niseme shikamoo, nisiposema anajibu hivyo hivyo, "Marahaba, mayu," yaani mama, kisha anaendelea na njia yake.

Minza aliondoka kwenda kuolewa wakati wa kuvuna mtama. Sikulia mbele yake kwa kuwa alinikataza. Alipanda basi la Kahama akiwa na sanduku la bati lililokuwa la bwenini, na dirishani akatoa kichwa, akaiga kwa mara ya mwisho mkuu wa shule anavyosafisha koo. Abiria walicheka. Kondakta akamwambia, "Dada, wewe ungefaa redioni." Basi likaondoka na kucheka kwao.

Na Ndugu Maganga alitimiza. Mbuga ilipopasuka nyufa za kuingiza mguu, alikuja, tairi bado limeshonwa, madigadi yamerudishwa. Wazee walimpokea ng'ambo kama kawaida. Safari hii hakuna aliyeigusa baiskeli. Aliiendesha mwenyewe, akirushwa juu chini kwenye yale mabonge makavu, na kijichuma kikigonga, ta, ta, ta, mbuga nzima, unakisikia kabla hujamwona mtu. Mzee Lushinge alitembea kando yake njia yote akiwa amefunga mikono nyuma. Mgeni aliyumba mara mbili akaelekea kuanguka, na mara zote mbili niliona mabega ya mzee yakishtuka kutaka kumsaidia, mikono ikabaki imeshikana mgongoni. Walipofika, Katibu alichuchumaa na miwani yake. Alisoma, akaniita mimi nisome. Kisha akasema, "Mlikuwa wakweli," na hakukubali kula. Mwaka huo nilirudishiwa kitanda. Nililala peke yangu, na usingizini niliendelea kujikunja upande mmoja, nikimwachia mtu nafasi ya miguu.

Mwezi wa kumi na mbili mume wa shangazi alikuwa anapeleka mzigo upande wa Geita, nikaomba kwenda naye. Nilimkuta Minza kwenye machimbo ya dhahabu, kati ya vibanda vya nyasi na turubai, amechuchumaa juu ya karai la maji mekundu, anaosha mawe yaliyotwangwa. Vumbi la mawe lilikuwa limemtia mvi. Alikuwa mjamzito. Mumewe, kijana mkimya, alitupisha, akatununulia furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, tukala na ugali juu ya ndoo iliyogeuzwa, na Minza akaniuliza habari za kila mtu, mmoja mmoja: nani amefaulu, nani analala wapi, kama maharage bado yana nyama yake. Aliniigiza wachimbaji wanavyokwenda wakipata na wanavyokwenda wakikosa. Nilicheka hadi nikapaliwa. Hatukuitaja mita. Nilidhani amesahau, au ameamua.

Lori lilipopiga honi alinisindikiza hatua chache, akasimama, mkono kiunoni. "Mbuga ilikauka?"

"Ilikauka."

"Alikuja?"

"Alikuja."

"Ilisoma ngapi?"

Nilimwambia. Kumi na tano, na kale kanamba ka mwisho kameshaanza kupanda. Alitazama chini, midomo yake ikaenda kama mtu anayehesabu, kisha akauliza, "Na baba?" Nikamwambia alivyotembea mikono nyuma. Alijaribu kumwiga, akafunga mikono yake mgongoni, lakini tumbo lilimzuia kuinama vizuri, akaacha.

"Basi kweli tulikuwa mbali," alisema, akarudi kwenye karai lake.